Majani ya Nyuma ya Kiwanda

Mjukuu wangu Aneti, babu yako anakusalimu, mama yako anakusalimu, na wadogo zako wanakupa shikamoo. Hapa Kilema tu wazima.

Unaniuliza kama mjenge bondeni, pale kilipofungwa kile kiwanda cha dawa za kuulia wadudu wa kahawa, maana nyasi zimestawi. Mwanangu, sikiliza kwanza. Usichanani mwangu nilikata majani ya ng'ombe nyuma ya ukuta ule, maji machafu ya kiwanda yalikotokea. Yalikuwa mabichi, marefu! Mama yangu akanitania, "Leo ng'ombe wako ana harusi." Ng'ombe akala yote. Juma lile tukamfukia, na ndama tumboni.

Kwa macho, hapakuwa na mahali pazuri kama pale. Tafadhali, udongo upimwe kwanza, na mtoto wako asiuchezee. Umesema mafundi wanachimba msingi Jumatatu. Nijibu upesi, nisikie umewazuia.

Bibi yako