Kabini ya Ine

Kindu, mwezi wa tano 2002

Odette mwanangu,

Salamu nyingi. Uko muzima? Huko munakula nini? Sisi tunapumua, Mungu iko.

Nimesikia umeolewa huko Kisangani na kijana wa watu wa Pangi. Sikasiriki. Vita haingoji watu wakae, wapokee mbuzi za mahari. Lakini mukwe wangu sijaona uso wake, na boti hazishuki tena. Mwambie akulinde. Barua hii nampa padri, sijui kama itafika.

Mama yako, Euphrasie

Kisangani, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Mama mupendwa,

Jambo nyingi. Mugongo unaendelea aje? Hapa wote tuko wazima. Mujukuu wako Elodie atazaa mwezi wa ine, na anasema hataki mutu mwingine amuogeshee mutoto ila bibi yake. Kila mara mimi njo nakuja Kindu, wewe unasema mto, mto. Vita iliisha, mama. Njoo.

Mume wangu Matata amepanda huko kununua muchele. Ukimuona sokoni, angalau umusalimie.

Binti yako, Odette

Kindu, tarehe 2 mwezi wa tatu 2025

Odette mwanangu,

Salamu kwako na kwa tumbo la Elodie. Anakula vizuri? Asibebe maji.

Mukwe nilimuona hapa soko ya Kasuku. Nikavuka barabara, pikipiki karibu inigonge. Naye akageukia ukuta wa duka. Mukwe muzuri, anajua kwetu mukwe na mama mukwe hawaangaliani uso wala kula pamoja.

Nitakuja, lakini peke yangu juu ya maji siwezi, na kabini ya boti iko bei kali. Rafiki yangu Emerance akasema, «Tukikamata kabini zote pamoja, Kapiteni Onema atatupunguzia.» Kapiteni akakubali, lakini zote ine, hata moja isibakie. Tumepata tatu: mimi na Emerance, Jacqueline na dada yake, Hélène na wifi yake. Hélène anaenda kuona mama yake mugonjwa. Bila bei ile hawezi. Ya ine bado iko wazi, na mimi silali. Emerance anasema, «Nyamaza, nitatafuta mutu.»

Mama yako

Kindu, tarehe 14 mwezi wa tatu 2025

Odette,

Muko wazima? Mimi mwili muzima, roho hapana.

Emerance amekuja anacheka. «Nimepata mutu, mupole, wa muchele, amelipa tayari.» Akataja jina. Nikakaa chini.

«Unamujua?»

«Njo mukwe wangu.»

«Euphrasie! Miaka yote hii hukunitajia jina lake.»

Ningelitaja namna gani, na jina la mukwe halitajwi? Sasa ukuta wa kabini yake unagusa wangu. Nitakula aje? Nitakohoa aje, na yeye anasikia? Akitoka, bei inapanda na Hélène anabakia. Nikitoka mimi, ni vilevile. Tunaondoka juma ijayo. Nifanye nini?

Mama yako

Kisangani, tarehe 17 mwezi wa tatu 2025

Mama,

Pole na mawazo. Nimemupigia Matata simu. Alijua jana, na yeye pia halali. Anasema kabini ataiacha tupu, bei ibakie, yeye atalala juu ya magunia yake. Panda boti, mama. Elodie anauliza kila asubuhi.

Binti yako

Lokandu, tarehe 25 mwezi wa tatu 2025

Odette mwanangu,

Salamu kutoka juu ya maji. Mugongo hauniumi, ni ajabu.

Mvua imetupiga tangu Kindu. Mutu wako amelala juu ya magunia chini ya turubai, anapiga chafya. Jacqueline akaniangalia. «Mama Odette, unataka kumuzika kwa heshima?» Nikasema wamwambie aingie kabini yake. Hélène akafunga kitenge katikati ya milango miwili.

Hapa Lokandu amenunua samaki, akamupa Emerance sahani yangu aniletee. Nikala upande wangu, yeye upande wake. Kisha sauti kutoka nyuma ya kitenge: «Mama, chumvi imetosha?» Emerance akanifinya. Nikajibu, «Imetosha, baba.»

Kumbe mutu huyu anaongea. Amenielezea vile mulitembea musituni wakati wa vita, wewe mbele unaimba ili yeye asiogope. Wewe, ambaye nilikulilia kila siku. Tumecheka mupaka Kapiteni akatugombeza.

Barua hii naipa pirogi ya mota, mutumbwi wa mbio, itanitangulia. Mwambie Elodie asizae mbio. Tungali tunaongea.

Mama yako, Euphrasie