Orodha ya Nyumba za Dhoruba

Jumatatu, 4 Novemba

Barua ya majira ya baridi imetoka. Ukurasa mmoja, mbele na nyuma, nakala mia moja na kumi na mbili, na mashine ya fotokopi imekwama mara nne tu—rekodi! Kila mwaka mimi, karani wa shule, naandika yale yale, na kila mwaka kuna mzazi atakayeniambia hakujua. Jina la mtoto liandikwe ndani ya kofia, ndani ya buti, ndani ya glavu (zote mbili, jamani, si moja). Suruali ya theluji kila siku. Mapumziko ni nje mpaka baridi ifike kumi chini ya sifuri. Wasilambe nguzo ya bembea, ulimi hugandia chuma. Mwaka jana watatu walilamba.

Nyuma ya ukurasa ndiko kwenye la maana, na ndiko hawasomi: nyumba za dhoruba. Kila mtoto wa basi, wa mashambani, awe na nyumba hapa mjini ya kumpokea siku theluji ikifunga barabara. Asiende nyumba nyingine. Asitoke humo mpaka mzazi mwenyewe aje. Mistari hiyo miwili nimeiweka kwa wino mzito.

Bwana Pruitt, mwalimu mkuu wetu, aliisoma akacheka. Ametoka Georgia, kusini kusikojua theluji, huu ni msimu wake wa pili tu hapa Dakota. Akaniuliza, Arlys, umeandika barua ya shule au ya msiba? Nikamwambia ngoja Januari. Gordon naye, mume wangu, hana tofauti. Wengine huogopa nyoka, anasema, mke wangu anaogopa miezi. Wacheke. Nilikuwa na miaka minane baba mdogo Leif alipotoka kwenye dhoruba kwenda kufunga mlango wa zizi. Tulimpata siku ya tatu, ameganda, hatua ishirini kutoka jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa dirishani nikimsubiri.

Alhamisi, 21 Novemba

Fomu za nyumba za dhoruba zimerudi, zimebaki tatu. Nimewapigia. Janelle Haugrud, mama yake Tessa, alipokea akiwa anakamua ng'ombe, mashine zinanguruma nyuma yake, ikabidi tupigiane kelele. Kama mwaka jana, akasema, Tessa kwa Orlene! Tessa hataki kusikia kwingine. Kwa Orlene kuna piano na keki ya tufaha.

Tessa yuko darasa la pili. Ndiye yule anayeinua mkono kuomba ruhusa ya kuomba ruhusa. Ukimwambia simama hapa, utamkuta hapo hapo mpaka umkumbuke. Nampenda sana mtoto yule, sijui kwa nini naandika hivi.

Orlene Vetsch sikumpigia hata. Amepokea watoto wa dhoruba tangu mimi mwenyewe ni mwanafunzi; nimewahi kulala kwake siku mbili, nikala keki hiyo hiyo. Kumuuliza Orlene kama yupo ni sawa na kuuliza kama kanisa bado lipo. Nimenakili jina lake kutoka orodha ya mwaka jana, nikaweka tiki.

Jumatatu, 16 Desemba

Sanduku la vitu vilivyopotea: glavu kumi na tisa, karibu zote za mkono wa kushoto. Buti moja. Moja! Ni mtoto gani amerudi kwao na buti moja na mama yake asione? Nimetuma ukumbusho wa pili kwa wazazi. Mzazi mmoja amejibu: Krismasi njema.

Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la ofisi. Nje kimya. Siupendi ukimya huu.

Jumapili, 5 Januari

Baada ya ibada tumemuaga Orlene kwa kahawa. Binti yake amemshinda mwishowe—anamchukua Arizona mpaka Aprili, naye akae juani kama wazee wenzake. Mtaa wake, Mtaa wa Tatu, sasa zaidi ya nusu wamehama. Orlene alilia kidogo, kisha akajicheka. Alisema ameunganisha taa zake na saa, ziwake zenyewe alasiri na kuzimika saa nne usiku, mwizi adhani kuna mtu. Gordon akamtania: mwizi gani, Orlene? Hata wezi wa mji huu wako Arizona! Tulicheka wote. Nilimbebea sanduku lake mpaka kwenye gari, nikamkumbatia, nikamwambia watoto watamkumbuka.

Usiku baridi imeuma kweli. Nimeongeza blanketi la tatu kwenye gari. Gordon amelihesabu kwa sauti.

Jumatatu, 13 Januari

Redio inasema kesho. Upepo wa maili hamsini kwa saa, theluji juu yake. Wanasema jioni. Redio haijui lolote. Nimetuma ukumbusho: nguo za ziada, dawa za mtoto, simu zisizimwe. Shule itakuwa wazi, ndivyo alivyoamua Bwana Pruitt. Nimeitoa orodha ya nyumba za dhoruba, nimeipitia jina kwa jina, mara mbili. Watoto ishirini na watatu. Kila kitu kipo sawa.

Jumanne, 14 Januari

Saa sita mchana. Upande wa magharibi anga imekuwa nyeusi kama chini ya sufuria. Nimemwendea Bwana Pruitt, nikamwambia tuwaachie sasa, mabasi yawahi. Akaniangalia kwa upole—huo upole ndio ulionikera—akasema utabiri ni jioni. Arlys, wewe ungefunga shule hata kwa barafu ya kwenye friji. Walimu wawili wakacheka. Nikarudi mezani kwangu. Ningeweza kubisha. Sikubisha.

Saa tisa na dakika kumi. Imefika. Theluji haikuanguka, imekuja kwa ubavu. Dakika moja naiona bendera, dakika ya pili sioni bendera, sioni nguzo, sioni ngazi za shule. Sherifu amefunga barabara zote. Watoto wa mashambani waliposikia "nyumba za dhoruba" wamepiga vigelegele! Kwao ni sikukuu. Duane Opp, dereva wa basi, atawazungusha mwenyewe mjini, mwendo wa konokono, nyumba kwa nyumba. Nimempa orodha. Kwa mkono wangu.

Saa kumi kasoro dakika tano. Duane amerudi, ndevu nyeupe kwa theluji. Wote ishirini na watatu, anasema. Kila nyumba niliona taa dirishani, nikapiga honi, nikaona mtoto amepanda ngazi, nikaenda. Nisingeweza kusubiri mlango ufunguliwe, Arlys, ningesubiri basi lingezama. Nimempa kahawa. Sasa naanza kupiga simu kuhakikisha. Ndivyo tunavyofanya.

Baadaye, sijui saa ngapi.

Nyumba kumi na nne zimejibu. Ya kumi na tano ni ya Orlene. Simu imeita. Nikawaza yuko jikoni. Imeita. Nikawaza anampangusa Tessa theluji. Imeita mara kumi na moja, na mimi nimeishika kalamu tayari kuweka tiki—na hapo ndipo nilipoliona sanduku. Sanduku la Orlene mkononi mwangu, nalipandisha garini.

Niliinuka, nikamwambia Duane, Orlene hayupo. Hayupo vipi? akauliza. Yuko Arizona! Kikombe kikamwanguka. Lakini taa ilikuwa inawaka, akasema. Arlys, taa ilikuwa inawaka!

Hakujua. Duane ni Mkatoliki, kahawa ya kanisa letu haimfikii. Mimi ndiye niliyejua. Nilikuwa pale, nilikunywa kahawa, nilicheka. Na jana nimelisoma jina lake mara mbili kwenye orodha nikaona kila kitu kipo sawa.

Duane na Bwana Pruitt wametoka na kamba ya uwanja wa michezo, wamefungana viunoni. Ni mitaa miwili tu kutoka hapa. Wameniambia nisiiache simu. Wazima moto wanakusanyika, watachukua nusu saa kufika, labda zaidi. Mtu wa sherifu amekwama barabara kuu.

Saa kumi na dakika ishirini. Namwandika Tessa ili nisipige kichwa ukutani. Koti la zambarau. Kofia ina masikio. Jina limo ndani ya kila kitu, mama yake husoma barua zangu. Mbele na nyuma! Asiende nyumba nyingine. Asitoke mpaka mzazi mwenyewe aje. Mtoto mtiifu kuliko wote shuleni, nami nimemwandikia kwa wino mzito asimame pale. Ee Mungu, mfanye awe mkaidi leo. Leo tu.

Nje ni thelathini chini ya sifuri ukihesabu upepo. Amekuwa huko zaidi ya nusu saa.

Saa kumi na nusu. Janelle amepiga. Sauti yake nyepesi kabisa! Jamani Arlys, huko ni kama huku? Mmewapanga wote? Tessa wangu yuko kwa Orlene? Nyuma yake nikamsikia Kurt, mumewe, anasema nakwenda kumchukua na trekta. Maili kumi na moja. Kwenye hii! Trekta halitaona hata taa zake lenyewe. Nikamwona baba mdogo Leif, si mawazoni, nilimwona, na mdomo ukasema bila mimi:

"Yuko kwa Orlene."

Akashusha pumzi. "Umesikia, Kurt? Nilikwambia! Vua hayo mabuti, bwana, unanichafulia sakafu." Akacheka. Akasema mwambie Orlene asimpe keki tatu kama mwaka jana. Kisha akanishukuru. Alinishukuru, na mimi nikasema karibu.

Si uongo. Duane alimshusha kwa Orlene, mlangoni pa Orlene. Ni uongo! Namdanganya nani humu, daftari? Nimesema ili Kurt asife njiani. Nimesema pia kwa sababu niliogopa kusema. Yote mawili ni kweli na sijui lipi lilitangulia.

Saa kumi na dakika hamsini. Wamerudi. Wawili. Nilihesabu kwanza mlangoni—wawili.

Bwana Pruitt ameketi sakafuni, hawezi kukunja vidole. Mlango wa Orlene umefungwa, wamevunja dirisha la jikoni, wameingia, wameita kila chumba. Hakuna mtu. Begi la Tessa lipo. Limetundikwa kwenye kitasa cha mlango wa mbele, kwa mkanda wake, kama mtu anayeacha kitu kushika nafasi yake kwenye foleni. Nyayo hakuna, upepo umezipiga pasi zote.

Kwa hiyo hakusimama! Nililia kwa furaha, nadhani ilikuwa furaha. Kisha Duane akasema lile alilokuwa analishikilia. Arlys, mtaa wote una taa. Nimegonga ya kulia, taa inawaka, hakuna mtu. Ya kushoto, taa, hakuna mtu. Ya mbele yake vilevile. Zote zina saa, wote wako huko juani! Yule mtoto akitoka kwa Orlene anaona taa, anaifuata, anagonga, hakuna anayefungua, anaona taa nyingine...

Nikamwambia nyamaza.

Nimeandika kwenye karatasi nyumba za Mtaa wa Tatu ambazo najua zina watu. Nne. Nne kati ya kumi na moja. Tatu zimejibu simu: hapana, hatujasikia mtu akigonga, upepo huu nani atasikia? Lakini wamewasha taa za nje na mmoja anapiga sufuria mlangoni. Ya nne simu haiiti kabisa, laini imekatika. Inawezekana yuko huko. Inawezekana amekaa jikoni kwa watu anakunywa maziwa ya moto na simu yao imekufa, basi. Mbona isiwezekane? Duane na Bwana Pruitt wametoka tena, wanaanzia hiyo. Bwana Pruitt hakutaka kungoja glavu zikauke. Alipofika mlangoni aligeuka akaniambia wewe ungefunga saa sita mchana, mimi nikakucheka. Si wakati wa hayo.

Saa kumi na moja na dakika tano. Wazima moto wamefika Mtaa wa Tatu, nasikia king'ora, sijui kiko upande gani. Giza linaingia. Kwenye dirisha langu hakuna mtaa wala mji, kuna uso wangu tu. Nimewasha taa zote za shule, hata za ukumbi. Kisha nikazizima. Kisha nikaziwasha, maana hapa angalau kuna mtu.

Bado hawajarudi kutoka nyumba ya nne.

Simu. Ni namba ya akina Haugrud. Nimeiacha ilie mara sita.

Nimepokea. Janelle hakunisalimia. Orlene amempigia, amesema. Ameiona dhoruba yetu kwenye televisheni huko Arizona, roho ikamuuma, akataka kujua mwaka huu Tessa amepokewa na nani.

"Arlys," akasema, taratibu, kama anaongea na mtoto. "Mwanangu yuko wapi?"

Na nyuma yake nikasikia trekta linawashwa.