Mabeleshi ya Mtaa wa Mfereji

Stony Fork, Michigan
3 Septemba 1931

Bronia mwanangu,

Salamu. Mimi huku ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku za baridi hujifanya zee kuliko mimi mwenyewe. Kabichi zimeshiba mwaka huu. Natumaini nawe u mzima na unakula, maana wakati wa kampeni ulibaki mifupa.

Salamu zimeisha, sasa tuje kwenye gazeti. Nimesoma kwamba baraza la jiji lenu la Port Ansel limepitisha sheria: mtaro wa majitaka wa Mtaa wa Mfereji usichimbwe kwa mtambo, uchimbwe kwa mikono, ili wasio na kazi wapate kibarua. Kura tano kwa nne. Na ya tano ni ya Diwani Bronisława Brodzik.

Mtaro ule ulikuwa wangu, Bronia. Meya alinipa neno lake kabla theluji haijayeyuka. Nimempaka Mama Mkwe rangi, nimemfunga nyaya mpya, na deni nimeingia kwa ajili yake. Mama Mkwe, mtambo uleule wa mvuke uliokulisha, ukakuvisha, ukakusomesha kwa masista. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni maneno ya watu wenye vinyongo, kumbe wenzangu walishang'atwa.

Ukitaka nijibu, usipotaka shauri yako.

Baba yako,
Ignacy


Port Ansel
10 Septemba 1931

Baba mpendwa,

Nakubusu mkono, ingawa najua sasa hivi ungeuficha mfukoni. Mimi mzima, na kula nakula. Hilo goti lifunge kitambaa cha sufu, uache kujifanya kijana.

Kura ile ni yangu, sikatai. Ikirudi mezani kesho nitaipiga vilevile. Mtambo wako unaendeshwa na watu wawili, wewe na mchochea moto. Mtaro huohuo kwa mabeleshi unawapa kazi watu mia na sitini, kwa zamu, wiki hii hawa, wiki ijayo wale. Kiwanda cha chuma kimefungwa. Cha glavu, nilikoshona miaka tisa, nacho kimefungwa. Siku ya kwanza alikuja Stach Golec, yule mpiga fidla wa harusi zetu zote. Alikuja kuchimba amevaa suti yake ya harusini, kwa sababu nguo nyingine ameshaziuza. Nikamwambia, Stach, utaichafua. Akanijibu, "Diwani, suti hii imekula karamu za watu miaka yote, sasa na yenyewe ifanye kazi kidogo." Tangu siku hiyo ameanza tena kunyoa ndevu.

Unaniita mdudu wa nguoni. Haya. Lakini mwaka wa mgomo wa machimbo, nani alimkatalia mwenye machimbo mtambo wake, tukala viazi miezi mitatu? Mimi nilikuwepo mezani, na sikukusikia ukijuta hata siku moja. Mtoto wa nyoka ni nyoka, Baba.

Bintiyo asiyetubu,
Bronia


Stony Fork
24 Septemba 1931

Bronia,

Salamu. Goti halijambo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika.

Usinikumbushe mgomo. Wakati ule niliyemnyima kazi ni mimi mwenyewe, sikumnyima baba yangu.

Jambo jingine. Nasikia mnachimba bila kukinga kuta. Udongo wa pale ni wa mfinyanzi uliokalia mchanga, mvua ikinyesha siku mbili utawafukia watu. Wekeni mbao nene pande zote mbili, na mtu asishuke kabla hazijakazwa. Haya nayaandika kwa ajili ya Stach na wenzake. Wewe bado nimekununia, na usiniandikie mpaka nikuandikie.

Baba yako,
Ignacy


Port Ansel
8 Novemba 1931

Baba,

Najua ulinikataza kuandika. Nimeandika. Nakubusu mkono, na natumaini hii inakukuta mzima na una kuni za kutosha. Mbao tuliziweka. Mvua ikaja, kuta zikasimama, na watu wa mtaroni wanakusalimu.

Sasa sikiliza. Hazina ya jiji imekauka. Watu hawalipi kodi za majengo kwa sababu hawana cha kulipa, na wenye benki wanasema hawatatukopesha tena mpaka tufute mabeleshi. Wanataka mtaro umaliziwe kwa mtambo, kwa nusu ya gharama, na wale mia na sitini waende watakakojua. Meya ameshakubali. Mtu akikohoa tu karibu yake anashtuka. Kura itapigwa Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Diwani Pruitt, yule daktari wa meno aliyekuwa upande wetu, anayumba. Anasema kama mtambo upo, hana la kuwaambia watu wake kwa nini jiji linalipia mikono.

Na mtambo wa kufika hapa kabla ya barafu ni mmoja tu. Watakuja kwako na mkataba.

Sikuombi. Nimekaa hapa nikijaribu kukuomba na nimeshindwa, kwa sababu najua una deni, na najua ni mimi niliyekusukuma humo. Nakwambia tu, ili ukisaini ujue unasaini nini. Hakuna kazi nyingine katika mji huu mpaka theluji iishe. Na ukija na Mama Mkwe utanikuta nimekaa ndani ya mtaro, na sitatoka hata ukinipigia honi.

Bintiyo,
Bronia


Port Ansel
18 Novemba 1931

Baba,

Umenyamaza. Dereva wa lori la maziwa anasema ameliona gari la benki uani kwako, na mabwana wawili mezani wakinywa kahawa yako, nawe umeshika kalamu.

Basi, nimeelewa. Sitakuchukia, lakini usitegemee adabu kwangu. Jumatatu nitapiga kura ya hapana hata nikibaki peke yangu ukumbini.

Bronia


Stony Fork
20 Novemba 1931

Binti yangu mwenye kisirani,

Salamu. Mimi mzima. Umenitupia jina tupu mwisho wa barua, kama vile unamwandikia mkusanya kodi.

Dereva wa maziwa ana macho, masikio hana. Ni kweli walikuja, na ni kweli kalamu niliishika. Nisikudanganye, nilitaka kusaini. Herufi ya kwanza ya jina langu ilikuwa imeshakaa kwenye karatasi. Kila nilichotaka walikubali, hata makaa ya mawe walisema watanipa wao. Nikauliza, kama mtu anavyouliza tu, wale wa mabeleshi watakwenda wapi? Mmoja, yule mnene, akacheka. "Mzee," akasema, "watu wale wamezoea."

Wamezoea. Nilimfikiria Stach na suti yake, na nikaona aibu kwamba mtu huyu anacheka mezani kwangu na mimi nimemtilia sukari. Nikaweka kalamu chini nikawaambia kahawa imekwisha. Wakasema hawana neno, watarudi Jumamosi na bei nzuri zaidi.

Na mimi najijua, Bronia. Nadaiwa. Jumamosi ningesaini. Kwa hiyo kesho yake nikamwita fundi wa reli, tukaazima farasi, tukamng'oa Mama Mkwe tangi lake la mvuke. Shule ya parokia hapa ilikuwa imefungwa tangu mwezi uliopita, tanuri lao la kupashia joto lilipasuka na hakuna wa kununua jingine. Sasa tangi langu liko chini ya sakafu yao, tumeliunga na mabomba, na jana watoto walirudi darasani wakavua makoti. Padri amelinyunyizia maji ya baraka. Anayelitaka aende akaling'oe chini ya miguu ya watoto, mama zao wakimwangalia. Mama Mkwe amesimama uani hana tumbo, hachimbi hata kaburi la kuku.

Mwambie hayo daktari wako wa meno.

Kuhusu ile kura, naona bado ulinikosea, na nitaona hivyo mpaka nizikwe. Lakini sasa na mimi sina kazi kama wengine, kwa hiyo wiki ijayo nakuja. Niwekee beleshi lenye mpini mrefu, na usithubutu kunipanga na wazee wa kuchemsha chai.

Baba yako,
Ignacy


Port Ansel
24 Novemba 1931

Baba yangu,

Nakubusu mikono yote miwili, na masizi yake. Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa kusema.

Barua yako niliisoma ukumbini, mbele ya meya na watu wa gazeti. Pruitt akauliza, "Kwa hiyo mtambo haupo?" Nikamjibu upo, ila unasomesha watoto. Akajikuna shingo, akasema kama ni hivyo haoni tunabishania nini. Kura tano kwa nne, mabeleshi yanabaki. Wenye benki wakachukua kofia zao na mkopo wao wakaondoka.

Pesa hatuna, Baba, nikwambie ukweli. Wenye maduka wamekubali kupokea hati za jiji badala ya fedha, kwa unga na nyama na makaa, mpaka kodi zianze kuingia. Mwuza nyama amenitukana kwanza ndipo akakubali. Baridi hii itatutesa. Lakini leo asubuhi zamu yote ilishuka mtaroni, wakakoka moto kulainisha udongo, na kuchimba wamechimba.

Sasa kuhusu beleshi lako. Kazi hii ni ya waliokaa mjini hapa mwaka mzima, ndivyo tulivyoandika, na watu wamejaa ngazini kwangu wakisubiri zamu, wakazi wa hapa, wana watoto. Wewe ni mtu wa Stony Fork. Siwezi kumpita mtu ngazini nikampa kazi baba yangu. Nilikunyima Septemba, na leo nakunyima tena.

Najua utakasirika. Njoo ukasirikie hapa hapa, kitanda nimeshakitandika.

Bintiyo,
Bronia