Mguu Uliojibu Kabla ya Kuulizwa

Eun-byeol weee! Shosti, leo nimeumbuka, sina pa kuficha uso.

Si leo ulikuwa mtihani wa vitendo wa neva, mishipa ya fahamu? Da-hye wetu hajui kabisa pa kugonga kwenye goti kwa ile nyundo ya daktari ili mguu uruke wenyewe, na akifeli tena haendi wodini. Tukapanga: mimi niwe mgonjwa wake, yeye agonge popote, mimi nirushe mguu.

Nikaurusha mguu wakati nyundo yake bado iko HEWANI. Hewani, Eun-byeol!

Profesa Pyo akanywa chai yake ya shayiri taratibu. "Da-hye, hiyo siyo neva. Huo ni urafiki."

Darasa zima hoi kwa kicheko.

Akachukua nyundo, akanigonga mwenyewe. Mguu kimya! Nimeukaza kwa woga kama gogo. "Haya, mguu sasa umekufa? Pachika vidole vya mkono mmoja kwenye vya mwingine, vuta kwa nguvu, sahau una mguu."

Nikavuta. Akagonga. Jamani! Mguu ukafyatuka wenyewe, ndara ikachomoka, ikapiga kikombe, chai yote kifuani kwake.

Mimi nalia. Yeye anajipangusa, wala hana habari:

"Hiyo sasa ndiyo neva. Da-hye, umeona nilipogonga? Njoo urudie. Na wewe, vua hiyo ndara nyingine."