Meli Zenu na Mbuzi wa Idi

Majengo,
Nyeri.
6 Februari 1972

Mpendwa kaka Salim,

Salamu tele kutoka nyumbani. Hujambo katika baridi hiyo? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, ila magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi.

Barua yako tumeipata. Nimemsomea Mama kwamba meli za kivita mnazounda huko Uingereza zimechelewa, ya kwanza ilivuja mkaichomelea upya, na sasa serikali ya huko inabishana kama iendelee au iache. Wakiacha, ninyi wageni mtarudishwa kwenu. Ukatuuliza tukuombee lipi.

Jirani yetu Gathoni alicheka sana. "Ati inavuja? Hata nyumba yangu iko na matundu na sijahama!"

Idi Kubwa imepita tena bila wewe. Tangu Baba afariki, kisu cha kuchinjia ni chako. Mama alinunua mbuzi, tukamwita Chaka, akitumaini utafika, na hataki mkono mwingine umguse. Mjomba Othmani alikuja na kisu chake, akaondoka nacho, tukala kuku. Mbuzi amenenepa, ametafuna sukuma wiki ya Gathoni na nusu ya kanga yangu.

Sikufichi, kaka. Kila jioni tukishaswali, mimi na Mama mkeka mmoja, nilikuwa naomba hizo meli ziachwe zishike kutu huko huko. Nilidhani Mama anaomba ziendelee, maana sokoni hamalizi kukusifu. Juzi nikamsikia akinong'ona, "Ya Rabi, waziache, wanirudishie mtoto wangu." Nililia pale pale.

Halafu jana ikaja picha yako. Umesimama chini ya meli, miwani ya kuchomelea kichwani, unacheka vile ulivyocheka ulipomaliza lile geti letu. Mama aliitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Mwache amalize. Asije hapa na roho imebaki huko."

Basi ombi letu sasa ni moja: waendelee, lakini wafanye upesi. Nimekukumbuka mno, Salim. Nikisikia nyundo kule kwenye vibanda vya mafundi, bado nageuka.

Mjomba Othmani, mkewe Saumu na Gathoni wanakusalimu. Mungu akulinde na moto wa kazi yako na maji ya huko.

Mama ananisimamia hapa, anataka nimalizie hivi: kisu chako amekipaka mafuta tena, kisishike kutu.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Zabibu