Cheo cha Tonton Deo

Tonton Deo,

Neema ameolewa. Naanza na hiyo juu nakujua: ungenikata maneno kwanza, uniulize nani alishika mikro, salle ya harusi ilijaa ao haikujaa, na kama mukwe wako anajua kucheza. Mikro nilishika mimi. Salle ilijaa mpaka watu wengine wakabaki inje wanachungulia kwa madirisha. Mukwe hajui kucheza hata kidogo, anaruka tu sawa mutu amekanyaga moto, lakini anaruka na roho yote, na Neema anampenda vile vile.

Sasa ukae vizuri nikuelezee, maana hii habari na wewe uko ndani.

Tangu ulipotuacha, watu wa Bukavu walisahau namna ya kuingia kwenye harusi. Si mchezo! Wakati wako mutu alikuwa anafika mulangoni, anatengeneza koti, anakohoa kidogo, anangoja. Hakuna aliyekubali kuingia mbele wewe hujamutangaza kwenye mikro na cheo. Ule mason wa Panzi mwenye kubebesha wapwa zake matofali tangu asubuhi, ulimuita Farao, na akacheka mpaka akashikilia mulango. Muuza mbuzi wa Nyantende alikuwa Sultani. Maman wa mandazi pale Nyawera alikuwa Kandake, sawa wale malkia wa zamani wa kule juu ya mto Nili. Halafu siku moja kwenye misa wakasoma habari ya Kandake katika Matendo ya Mitume, na yeye akageuka kuangalia nyuma, aone kama parokia nzima imesikia. Mwenye kukodisha viti bado anajiita Shogun. Ameiandika na rangi nyekundu kwenye mulango wa depo yake.

Ulikuwa unapenda vyeo namna mutoto anapenda bonbon. Mwezi huu Négus njo ilikuwa ya kwanza moyoni mwako, mwezi wenye kufuata Mansa, kisha ukasoma mahali fulani kuhusu Sébastocrator na ukashinda juma nzima unaliimba hilo neno ukinyoa ndevu. Ulimupa mwalimu mufupi wa Bagira. Ulisema, "Mutu mufupi anahitaji cheo kirefu, Nsimire, kimusaidie kufika juu." Na ule mwalimu, wee! Aliingia akitembea pole pole sana, kusudi hilo neno lipate nafasi ya kuisha.

Mimi nakumbuka zaidi kurudi. Harusi imeisha, tunapanda Kadutu kwa miguu, mimi nimevua viatu, wewe na supu kwenye kravati, na unanifundisha. "Unajua maréchal wa kwanza alikuwa nani? Mutumishi wa farasi! Na sénéchal? Boyi muzee wa nyumba!" Ulikuwa unafurahi sana na hiyo, kusikia kama wale wakubwa wote walianza na kazi ya kufagia. Uliniambia pia kwamba tunacheza na vyeo vya mbali na vya zamani tu. Mwami hapana, huyo ni mutawala wa kweli wa kwetu. Siku yule tajiri wa Mumosho alikuja amelewa anataka aitwe mwami, ulimukatalia uso kwa uso, ukamupa Mansa, ukamuelezea kwamba Mansa alikuwa na dhahabu nyingi kuliko machimbo yote ya Luhwindja. Akaingia anachekelea.

Basi, ulipokufa walileta protokole wengine wa kutangaza wageni. Vijana wazuri, na koti zao zinakaa vizuri. Lakini "Monsieur na Madame fulani", "Monsieur na Madame fulani", mpaka mutu anasinzia. Kandake alinizuia njiani akaniambia kama mimi nilikuwa mwanafunzi wako kweli, juu ya nini nimenyamaza? Niliogopa, Tonton. Walikuwa wanasema sauti ya mwanamuke haijazi salle. Halafu familia moja ya Mumosho ikaniita, protokole wao alipata homa. Nilipofungua kinywa nikamuita shangazi ya bwana-arusi Tsarine, sawa malkia wa Warusi, na ule mama, mwenye alikuwa anaingia kichwa chini sababu ya viatu vya kuazima, alinyanyua kidevu na akapita kati ya watu sawa salle ni yake. Hapo nikaelewa kazi yako. Tangu ile siku wananiita.

Sasa Neema.

Kijana ni wa upande wa Mwenga, fundi wa simu, mutu wa heshima. Siku walileta mahari, mutu alitaja jina lako tu, tena kwa wema, na Neema akalia mpaka mazungumzo yakasimama. Wageni wakabaki wanaangalia glasi zao. Baada ya pale Maman Faida aliniita jikoni. Wewe unajua bibi yako, hasemake mara mbili. Aliniambia, "Siku ya harusi, wakati wa kuingiza wazazi, umuingize na yeye. Usiniachie bwana yangu inje." Nilipotoka jikoni, Neema mwenyewe akanishika mukono. "Nsimire, nimelia inatosha. Umuite papa, lakini unichekeshe."

Unaona mutego? Kuita mutu aliyekufa, mbele ya mutoto wake, ndani ya nguo ya arusi, na acheke!

Na kaka yako Cyprien alikuwa amekasirika. Alisema jina la marehemu ni la misa, si la mahali watu wanacheza na kunywa bia. Alisema nikifanya huyu mutoto alie, yeye atachukua mikro na atatoa hotuba. Tonton, hotuba ya Papa Cyprien! Unakumbuka ile ya ubatizo, mpaka wali ukapoa na padri akaaga kabla ya kula? Hiyo njo iliniogopesha kuliko yote.

Nikaanza kutafuta cheo chako. Nilijua ungenicheka. Empereur? Wewe mwenye kukimbia kambwa ka jirani? Kaizari hapana, wale wengi walichomwa visu na rafiki zao. Maréchal hapana, hii inchi ilishatawaliwa na maréchal mumoja, inatosha. Padishah ilikuwa nzuri, lakini nilipoijaribu kwa sauti pale nyumbani, macho yangu yakajaa maji, nikajua na ya Neema yatajaa. Kila cheo kikubwa kilikufanya kuwa sanamu. Kila cheo kidogo kilikuwa matusi. Nikaanza kuchukia kazi.

Wakati huo wakaniambia babu ya bwana-arusi atakuja, na kwamba yule muzee ni kindi. Unajua kwa Warega kindi ni nani: mutu wa juu kabisa katika bwami, chama chao cha wazee, amepanda ngazi maisha yake yote. Mimi mwenye kugawa vyeo sawa karanga, nitasimama na mikro mbele ya mutu mwenye cheo cha kweli! Lakini sheria yako ilikuwa wazi: mugeni mukubwa unamufuata kwanza, unamuuliza mwenyewe namna anaitwa. Nikaenda kwa ndugu zake kule kwenye mutaa wa Essence, alikuwa amefikia pale.

Nilimukuta amekaa na bibi yake, wanachambua maharagi pamoja kwenye sahani moja. Nikapiga magoti, nikamusalimia, nikauliza. Aliniangalia kwanza, akaniambia, "Usiniite peke yangu." Akanielezea kama mwanaume hapandi kule juu bila bibi yake. Kila ngazi wanapanda wote wawili, na yeye bibi ana cheo chake, kanyamwa. Angekuwa hakupanda, muzee angebaki chini mpaka leo. Na ule mama, bila kuacha maharagi, akasema, "Na mimi ningebaki naye kule chini kufanya nini?" Wakacheka wote wawili mpaka maharagi yakaanguka.

Nilichukua pikipiki kurudi. Mvua ilikuwa inatupiga, na mimi nikaanza kucheka peke yangu nyuma ya motari mpaka akapunguza mwendo, akauliza kama niko muzima. Nilikuwa muzima kabisa! Nilikuwa nakutafuta peke yako, Tonton. Na wewe ni lini ulikuwa peke yako? Kwenye salle ulitawaza watu wote wa Kivu, lakini ukifika nyumbani nani alisema koti litundikwe wapi? Nani alisema chakula kinaliwa saa gani? Ulikuwa unatii na unafurahi, usinikatalie.

Siku ikafika. Misa ilikuwa nzuri, kwaya iliimba na nguvu. Kwenye salle groupe ya umeme ilizimika mara, ikawaka, ikazimika, mwishowe ikakubali. Nikaanza kuingiza watu. Farao, Sultani, Kandake na kofia yenye ukubwa wa karai. Nikamuita kindi na kanyamwa, majina yao tu na vyeo vyao, kwa pumzi moja sawa walivyotaka, bila kuongeza chumvi. Watu walisimama wenyewe bila kuambiwa. Hiyo heshima hainunuliwi.

Halafu zamu ya wazazi wa bibi-arusi.

Papa Cyprien alisogeza kiti karibu na mikro, akafunga vifungo vya koti. Neema alikuwa ananiangalia na midomo inatetemeka tayari. Na pale mulangoni alisimama Maman Faida, peke yake, amevaa pagne ya zambarau, na pembeni yake palionekana wazi kabisa mahali pa mutu mwenye hayuko. Nikavuta mikro karibu. Nikasema moyoni, Tonton, unisaidie ao tumekwisha.

Nikasema: "Simameni wote! Anaingia Malkia Faida, mutawala wa Kadutu na vitongoji vyake!" Wakapiga mikono. Nikaendelea. "Na kule kwa wafalme wa mbali, mwanamuke akitawala, bwana yake anaitwa prince consort. Hana taji, hana jeshi. Kazi yake ni moja: kumupenda malkia, na kutembea hatua moja nyuma yake. Basi anaingia pia prince consort Deogratias, hatua moja nyuma, njo maana hamujamuona bado!"

Hawakucheka mara moja, Tonton! Nikaona mukono wa Papa Cyprien unakuja kwenye mikro. Nikaona salle yote, wakubwa na wadogo, wanageuza shingo kuangalia nyuma ya Maman Faida, pale mulangoni, sawa kweli kuna mutu anakuja.

Na yeye bibi yako akasimama. Akaweka mukono kwenye kiuno, akageuka, na kwa ile sauti aliyokuwa anakuitia kwenye mulango wa kila kanisa, wewe ukibaki nyuma unasalimia hata wasiokujua, akalalamika:

"Deo, harakisha bwana! Watu wanakungojea!"

Salle ilipasuka. Watu walipiga meza, watu walishikana. Na Neema, Tonton, Neema alicheka kinywa wazi, kichwa nyuma, ile cheko yako ya kukwama katikati na kuanza upya, mpaka voile ya kichwani ikaanguka na bwana yake akapiga magoti kuitafuta chini ya meza. Machozi yalikuwepo, siwezi kukudanganya. Lakini nilikuwa karibu, niliangalia vizuri: yalikuwa ya kucheka. Papa Cyprien alichukua mikro kweli, akafungua kinywa, akaangalia salle, akasema, "Karibu, ndugu yangu," na akanirudishia. Hotuba fupi kuliko zote za maisha yake. Maman Faida alicheza kutoka mulangoni mpaka kiti, na njiani aligeuka tena na tena kukukaripia, na alipokaa akasogea kidogo pembeni.

Mimi nilienda nyuma ya salle, penye wanapanga makreti ya bia, nikalia kidogo. Hapo nilikulilia kweli, sikucheka. Nakukosa. Nakukosa kwenye ile njia ya kupanda Kadutu, viatu mukononi, hakuna mutu wa kuniambia sénéchal alikuwa nani. Kisha wakaniita, keki ilikuwa inakuja, nikapangusa uso nikarudi.

Sasa sikia ile kitu iliyonifanya niandike. Wakati watu wanatoka, mubaba mumoja alibaki ananingoja karibu na ngazi. Simujui, alikuja upande wa bwana-arusi. Binti yake anaolewa huko Bagira, na mama ya ule binti alikufa akimuzaa. Alikuwa anazungusha kofia mukononi. Aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama naweza kumuingiza na ule mama. Kama inawezekana aingie anacheka.

Nilimuambia ndiyo. Kesho naenda kumuona, anielezee namna bibi yake alivyokuwa: alitembea namna gani, alipenda wimbo gani, alimugombeza bwana yake kwa maneno gani. Nitamutafutia cheo chake.

Upumuzike, Tonton yangu. Maman Faida anakusalimia, na anasema usijifanye mukubwa huko uliko. Mimi nakuahidi hii: wakati mikro iko mukononi mwangu, hakuna marehemu wa mutu yeyote atakayebaki inje ya mulango siku ya furaha ya mutoto wake.

Mwanafunzi wako,
Nsimire