Mashine ya Kupumua Si ya Kuwekwa Chini ya Kitanda

Baba Hillary,

Uji iko kwa chupa. Dawa ya moyo umeze baada ya kula, si kabla. Nimeenda Sirisia kwa dada yangu Phelista, nitarudi ~~Jumapili~~ kesho.

Nimetoka bila kukuaga kwa sababu ningekupigia kelele mtaa wote wa Kibomet usikie. Asubuhi nimeamka nikakusikia ukikoroma, halafu kimya. Nikangoja upumue. Hukupumua. Nikakutingisha mabega nikiita jina lako, ndio ukavuta hewa kama mtu ametolewa majini. Kutafuta ile mashine yako, naipata chini ya kitanda, na ekstensheni yake ya stima umepelekea taa ya vifaranga! Ati wanaona baridi. Nikakuuliza, "Na wewe?" Ukacheka. Ukasema, "Hiyo maski inanifanya nikae kama mgonjwa."

Si wewe ni mgonjwa, bana? Daktari alituambia sote wawili, tukiwa tumeketi pamoja: pumzi ikikatika usingizini, moyo wako unazidi kuchoka. Uliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia.

Ekstensheni nimerudisha. Vifaranga nimewafunika na gunia. Maski nimeosha, maji ya mashine nimebadilisha. Uvae hata ukilala mchana. Saa tatu usiku nitapiga simu, na nataka niisikie mashine ikivuma.

Miaka thelathini na nane tumelala kitanda kimoja. Kulala peke yangu sijui, na sitaki kujifunza.

Mama Hillary